Nyaya na fyuzi za Land Rover Series IIA na Series III

Umeme wa Land Rover Series IIA (1961–1971) na Series III (1971–1985) ni mchache kiasi kwamba mtu mwenye mita ya kawaida, testa ya balbu na uvumilivu anaweza kuufuata waya baada ya waya hadi akaumaliza. Hakuna kompyuta wala sensa za kubahatisha. Vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas vilivyofungwa kiwandani vimebebeshwa lawama miaka mingi, lakini gari likifika gereji leo kinacholisumbua huwa ni ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) iliyooza, fyuzi isiyo ya kipimo chake, na viraka vya waya wa nyumba vilivyowekwa na mikono mingi tofauti. Kazi inaanzia hapo kabla ya kununua spea yoyote. Mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa Morris Minor, Austin na magari mengine ya Uingereza ya enzi hiyo yenye vifaa vya Lucas.

Andaa maltimita, balbu ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili zenye vibanio, brashi ya waya, msasa, koleo la kubania terminali (lile lenye meno yanayojifunga hadi mwisho, si plaizi), na betri iliyojaa. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya.

Ethi iko upande gani?

Kabla ya kugusa chochote, angalia ni kichwa kipi cha betri kimefungwa kwenye chasisi. Series IIA za hadi karibu mwaka 1967 zilitoka kiwandani na ethi chanya: positivu ndiyo iliyo kwenye bodi. Za baadaye, na Series III zote, ni ethi hasi. Usiamini mwaka wa gari peke yake, maana nyingi zimekwisha kugeuzwa, na nyingine zilifungwa alteneta (kichaji cha betri cha kisasa zaidi) bila mtu kubadilisha kumbukumbu zozote.

Tofauti hii ina gharama. Chaja ya simu, redio, kifaa cha kufuatilia gari na taa za LED vimetengenezwa kwa ethi hasi. Ukivifunga kwenye gari la ethi chanya kwa mazoea, kitu cha kwanza kuungua ni kifaa chenyewe, na ganda la chuma la chaja likigusa bodi unapata shoti ya moja kwa moja. Alteneta ikiunganishwa kinyume huua daiodi zake papo hapo.

Kugeuza gari la dinamo (kichaji cha zamani kilichotangulia alteneta) kuwa ethi hasi si kazi kubwa. Toa betri, igeuze, kisha badilishana vichwa vya nyaya. Nguzo ya positivu ya betri ni nene kuliko ya negativu, kwa hiyo kibanio cha zamani kitalegea upande mmoja na kugoma kuingia upande wa pili. Nunua vipya, usipanue kwa nyundo. Kwenye koili ya cheche za plagi badilishana nyaya mbili ndogo za terminali zenye alama SW na CB. Kama kuna ammita, badilishana nyaya zake pia ili isisome kinyume. Starta haihitaji chochote, itazunguka upande uleule, kwa sababu sumaku zake ni za koili. Mota yenye sumaku za kudumu, kama feni ya kisasa iliyoongezwa, itazunguka kinyume mpaka ubadilishane nyaya zake.

Kisha dinamo ifundishwe upande mpya. Injini ikiwa imezimwa, chomoa nyaya mbili za dinamo, ile kubwa ya D na ndogo ya F. Chukua waya kutoka kichwa cha betri kisicho cha ethi, gusa nao terminali ya F ya dinamo kwa sekunde moja, mara mbili au tatu. Cheche ndogo ni kawaida. Rudisha nyaya mahali pake. Ukiruka hatua hii dinamo itachaji kinyume na kuharibu pointi za kidhibiti chake.

Wakati wote wa kazi, kichwa cha ethi ndicho kinachotoka kwanza na kurudi mwisho, iwe chanya au hasi. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua upande usio wa ethi huku ethi ingali imefungwa, betri nzima inapita kwenye spana.

Rangi za nyaya

Waingereza walitumia mpangilio wa rangi ambao ukishaujua unasoma gari bila mchoro. Kahawia tupu inatoka betri moja kwa moja, haina fyuzi na haizimwi na ufunguo. Zambarau ni umeme huohuo uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Nyeupe inapata umeme ufunguo ukiwashwa, bila fyuzi. Kijani ni nyeupe iliyopita kwenye fyuzi. Bluu ni taa kubwa: yenye mstari mweupe ni full, yenye mstari mwekundu ni dim. Nyekundu ni taa ndogo na za nyuma. Nyeusi ni ethi.

Mistari hueleza kazi. Kijani na nyekundu ni indiketa za kushoto, kijani na nyeupe za kulia, kijani na zambarau taa za breki, nyeupe na nyekundu starta, zambarau na nyeusi honi. Kwenye magari ya dinamo utakuta pia njano kati ya dinamo na kidhibiti. Miaka na vumbi vikishakula rangi, usikisie: fungua tepu sentimita mbili mahali ambapo jua halijafika, rangi ya asili itakuwa bado ipo.

Kahawia na nyeupe ndizo za kuogopa. Zikichubuka hakuna kinachozikata isipokuwa waya wenyewe kuyeyuka.

Fyuzi ya 35 siyo ya 35

Magari ya zamani ya aina hii yana fyuzi mbili tu zinazofanya kazi, na nyingi za Series III zina nne. Ni fyuzi za kioo, na ndani ya kioo kuna kikaratasi kilichoandikwa namba, mara nyingi 35.

Hapa ndipo magari mengi yanaungulia. Namba ya Lucas ni mkondo unaoikata fyuzi, si mkondo inaoweza kuubeba siku nzima. Fyuzi ya Lucas ya 35 hubeba ampia 17 hivi mfululizo. Fyuzi za kioo za mtindo wa Kimarekani, zenye alama AGC, ambazo ndizo nyingi madukani, zinahesabiwa kinyume: namba yake ni mkondo inaoubeba bila kukatika. Ukienda dukani ukaomba "fyuzi ya 35" ukapewa AGC 35, umeweka kinga iliyolegea mara mbili. Waya nyuma yake, wenye milimita mraba 2, umetengenezwa kubeba ampia 17.5. Mkondo ukifika mara mbili, joto linafika mara nne, na fyuzi bado imetulia. Ganda la plastiki linalainika, waya unagusa jirani yake ndani ya fungu la nyaya, na moshi unatokea nyuma ya deshibodi.

Kwa hiyo badala ya Lucas 35 weka AGC 15. Usipande zaidi ya hapo. Angalia urefu pia: za Lucas zina karibu milimita 29 hadi 30, AGC ni 32. Zinaingia kwenye vibanio vilevile, lakini fupi iliyowekwa kwenye vibanio vilivyopanuliwa na ndefu hukaa kilegevu.

Fyuzi iliyokufa isome kabla ya kuitupa. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kama kioo cha kujitazama, ilikuwa shoti kamili: mahali fulani waya wenye umeme umegusa chuma. Kioo kikiwa safi na utepe umekatika katikati kwa pengo dogo, ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu: mota ya wipa inayokwama, au vifaa vilivyoongezwa kwenye saketi moja. Utepe ukiwa mzima lakini kofia ya chuma ya pembeni imegeuka rangi au inacheza, tatizo ni kibanio. Kibanio kilicholegea au chenye ukungu wa kijani hutoa joto, joto huyeyusha risasi ndani ya kofia, na fyuzi inakata bila mkondo kuzidi. Watu huongeza namba ya fyuzi hapo, na kibanio kinaendelea kuchemka. Dawa ni kusafisha kibanio kwa msasa laini hadi shaba ing'ae, kukibana kidogo kwa plaizi yenye mdomo mwembamba, na kupaka vaselini nyembamba.

Karatasi ya sigara na unyuzi wa waya uliozungushwa kwenye fyuzi iliyokatika havina kipimo chochote. Gari linalowaka baada ya hapo limegeuza fungu lake la nyaya kuwa fyuzi.

Ethi iliyooza

Land Rover ina ugonjwa wake wa pekee: paneli ni za alumini, chasisi na ukuta wa injini ni vya chuma cha kawaida. Metali mbili zikikutana kwenye unyevu, alumini inaliwa, na unga mweupe unaoachwa haupitishi umeme. Kwa gari linalokaa Tanga, Mombasa au Bagamoyo, chumvi ya hewani huharakisha kazi hiyo. Taa za nyuma na za mbele zilitegemea bodi kurudisha umeme, kwa hiyo unga huo ndio unaokatisha saketi.

Dalili zake zinachanganya kwa sababu umeme ulionyimwa njia ya ethi hutafuta nyingine. Ukikanyaga breki, taa ndogo inafifia au indiketa inawaka kidogo. Ukiwasha indiketa, taa ya upande wa pili inapepesa. Kinachotokea ni kwamba mkondo wa balbu moja unarudi kupitia waya wa balbu nyingine hadi upate ethi kule. Mtu akiona hivyo hubadilisha swichi na flasha (kifaa kinachopepesesha indiketa) bila mafanikio.

Mbaya zaidi ni utepe wa ethi wa injini. Injini na giaboksi zimekalia raba, hazigusi chasisi, na starta hurudisha mamia ya ampia kupitia utepe mmoja. Ukikatika au ukioza, mkondo wa starta unarudi kupitia kebo ya choki au ya akselereta. Kebo hizo zikiwa za moto baada ya kupiga starta, au ganda lake la plastiki limeyeyuka, usitafute kwingine.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kushuka kwa volti. Weka mita kwenye volti za DC. Bano moja kwenye nguzo yenyewe ya ethi ya betri, si kwenye kibanio chake, jingine kwenye chuma cha injini. Chomoa waya wa katikati wa koili na uugandishe kwenye chuma, mwenzako apige starta. Mita isome chini ya volti 0.5. Ikisoma 1 au zaidi, utepe huo ni mgonjwa. Kwa taa, washa taa, weka bano moja kwenye ganda la taa na jingine kwenye nguzo ya ethi: chini ya 0.2 ni nzuri. Upande wa pili, kati ya nguzo yenye umeme ya betri na terminali ya taa inayowaka, kubali hadi 0.5. Jumla ikifika volti 2, taa inapata 10.6 badala ya 12.6, na mwanga umeshuka karibu nusu. Upimaji wa omu hausaidii hapa: unyuzi mmoja uliobaki kati ya thelathini husoma sifuri omu, lakini haubebi taa.

Kutengeneza: fungua kila sehemu ya ethi, toa rangi na kutu hadi chuma king'ae kwa upana wa sarafu, safisha terminali, paka vaselini, funga kwa bolti mpya na washa ya meno, halafu paka rangi juu ya kila kitu. Kwa alumini tumia terminali iliyopakwa bati, usiikutanishe na shaba tupu. Utepe wa injini uwe wa kusuka, na uende kutoka giaboksi au bloku hadi chasisi, mbali na ekzosi.

Baada ya hapo usiitegemee bodi tena. Vuta waya mweusi wa milimita mraba 2 kutoka ganda la kila taa ya nyuma, ziunganishe, na uzifunge kwa bolti moja kwenye chasisi. Mbele fanya vivyo hivyo kwa taa kubwa, bolti yake iwe karibu na betri. Ni kazi ya mchana mmoja, na huondoa malalamiko mengi ya umeme ya gari la namna hii.

Kutafuta shoti bila kumaliza boksi la fyuzi

Fyuzi inakatika kila ukiiweka. Badala ya kuijaribu tena, toa fyuzi na uweke balbu ya wati 21 kati ya vibanio viwili. Balbu inabeba kama ampia 1.75 tu, kwa hiyo waya uko salama. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Sasa chomoa kifaa kimoja kimoja cha saketi hiyo: honi, wipa, swichi ya breki, flasha, geji. Kila ukichomoa angalia balbu. Ikififia ghafla au ikizima, umefika tawi lenye kosa.

Ukiwa umechomoa vyote na balbu bado inawaka, kosa liko kwenye waya wenyewe. Tingisha fungu kuanzia ukuta wa injini kuelekea mbele, kisha chini ya deshibodi, huku mwenzako akitazama balbu. Mahali panapochubuka ni palepale siku zote: tundu la ukuta wa injini ambalo raba yake imekauka na kuanguka, nyaya za swichi ya indiketa kwenye nguzo ya usukani, waya wa honi, na pale fungu linapogusa ukingo mkali wa wingi (paneli ya juu ya tairi la mbele). Panya nao wanapenda nyaya za gari lililosimama. Wakitafuna huacha shaba ikiwa safi na alama ndogo za meno pande zote.

Kwa umeme unaovuja usiku, balbu ileile inafaa ukiiweka kati ya nguzo ya betri na kibanio cha ethi, kila kitu kikiwa kimezimwa. Isiwake hata kidogo. Ili kupata kiasi, weka mita kwenye ampia: gari hili bila saa wala redio linapaswa kuwa karibu na sifuri. Miliampia 50 na zaidi zitafute, ukianzia alteneta na vifaa vilivyoongezwa.

Waya wa nyuma umo ndani ya chasisi

Fungu la taa za nyuma hupita ndani ya bomba la chasisi. Matope na maji huingia humo na kukaa. Waya ukifia ndani usijaribu kuukarabati, weka mpya. Kosa la kawaida ni kuvuta wa zamani ukatoka kabla ya kufunga kamba nyuma yake. Funga kamba imara ya nailoni kwenye mwisho mmoja wa fungu la zamani, zungushia tepu ili fundo lisikwame, vuta upande wa pili, kisha tumia kamba hiyohiyo kuingiza jipya ukiwa umelipaka poda au sabuni. Acha kamba ya pili ndani, itakufaa siku ukiongeza taa ya trela. Mahali linapotokea weka raba, na kwenye ncha acha mzingo wa chini kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo.

Saizi ya waya na namna ya kuunga

Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba kwa sababu ya mtikisiko. Waya wa nyumba wenye msumari mmoja wa shaba hufanya kazi wiki ya kwanza, kisha hukatika ndani ya ganda lake ambapo huoni. Uondoe wote.

Kwa waya wa kawaida wa gari wenye ganda la PVC: milimita mraba 1, wenye nyuzi 14 za milimita 0.30, hubeba ampia 8.75. Milimita mraba 2, nyuzi 28, hubeba 17.5. Milimita mraba 3, nyuzi 44, hubeba 27.5. Mraba 6, nyuzi 84, hubeba 42, na 8.5 yenye nyuzi 120 hubeba 60. Hesabu nyuzi mwenyewe: waya wa bei poa mara nyingi una ganda nene na shaba kidogo, na mwingine ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwaruza unyuzi kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha dukani.

Viungo vya asili ni pini za duara zinazoingia kwenye vimirija vyenye raba. Zikisafishwa ni nzuri, lakini kimirija kikishika kutu ndani hakisafishiki, kibadilishe. Terminali bapa za milimita 6.3 ndizo za vifaa vingi, na alteneta za Lucas za mfululizo wa ACR zina bapa kubwa za milimita 9.5 kwa umeme mkubwa. Bana shaba kwa mdomo mmoja wa koleo na ganda kwa mdomo wa pili, kisha vuta kwa mkono. Ikitoka haikuwa imebanwa. Kulehemu kwa risasi peke yake hakufai, kwani risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, zinakatika pale ugumu unapoishia.

Kuweka kinga ambayo kiwanda hakikuweka

Kwenye magari haya taa kubwa, koili na nyaya za kuchaji hazikuwa na fyuzi. Sababu yao ilikuwa kwamba taa zisizime ghafla usiku. Wakati nyaya zilikuwa mpya hoja hiyo ilisimama. Leo haisimami.

Anza na fyuzi kuu ya aina ya kufungwa kwa bolti, kwenye waya wa kahawia, isizidi sentimita 20 kutoka betri au solenoidi ya starta. Kebo nene ya starta isiguswe. Saizi inafuata waya. Gari la dinamo ya Lucas C40, inayotoa ampia 22, lenye kahawia ya milimita mraba 3, liwekewe 25. Alteneta ya 16ACR hutoa ampia 34, kwa hiyo waya wake uwe mraba 6 na fyuzi 40. Ukiwa na 18ACR panda hadi mraba 8.5 na fyuzi 50, la sivyo itakatika siku betri imekwisha kabisa na alteneta inamwaga yote. Fyuzi hii ikikatika injini ikiwa inazunguka, alteneta inaweza kuharibika kwa volti kupanda. Ni hasara inayovumilika kuliko gari zima.

Angalizo kwa wenye ammita: umeme wote wa gari unapita nyuma ya kioo hicho. Ukibadilisha dinamo kwa alteneta ukaiacha ammita ya 30, bolti zake zitachemka. Iondoe kwenye njia, uweke volti mita.

Taa kubwa zipewe rilei (swichi inayowashwa na mkondo mdogo) mbili, moja ya full na moja ya dim. Balbu za H4 za wati 60/55 huvuta ampia 10 zikiwa full mbili, na mkondo huo wote hupita kwenye swichi yenye umri wa nusu karne. Waya wa zamani wa bluu na nyeupe uende terminali iliyoandikwa 86 kwenye rilei ya full, bluu na nyekundu uende 86 ya rilei ya dim. 85 zote ziende ethi. 30 ya kila rilei ipate waya wake wa mraba 3 kutoka upande wa pili wa fyuzi kuu, wenye fyuzi ya 20 mwanzoni. Kutoka 87 zitoke nyaya mbili za mraba 2, kushoto na kulia, kila moja na fyuzi ya 10. Kwa mpangilio huu waya wa taa moja ukichubuka unapoteza jicho moja tu, na rilei moja ikifa unabaki na dim au full. Gari la ethi chanya lisiwekewe rilei yenye daiodi ndani, kwani daiodi hiyo itakuwa shoti. Balbu za wati 100 ziache kabisa kama una dinamo. Zinakula karibu ampia 17 kati ya 22 zilizopo.

Kisanduku cha fyuzi bapa za kisasa, chenye nafasi sita au nane, ni nyongeza nzuri, na kinaweza kufichwa chini ya deshibodi huku kile cha kioo kikibaki mahali pake kwa sura. Gawa kijani na zambarau hivi: taa za breki peke yake 5, indiketa 10 (hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, huwasha balbu nne za wati 21, ampia 7), wipa 10, honi 15, taa ndogo za kushoto 5 na za kulia 5, geji na feni ya hita 10. Kanuni ya kukokotoa ni wati kugawanya kwa 12, kisha ongeza theluthi moja hivi, upande hadi namba iliyo karibu, na uhakikishe haizidi waya: mraba 1 usizidi fyuzi ya 7.5, mraba 2 usizidi 15, mraba 3 usizidi 25. Waya wa mraba 1 ukihitaji fyuzi ya 10, badilisha waya.

Mambo mawili hujitokeza baada ya marekebisho, na yote yana sababu rahisi. Ukiweka LED kwenye indiketa, flasha ya zamani itagoma kupepesa kwa sababu inategemea joto la mkondo wa balbu. Tafuta flasha ya kielektroniki. Na geji za mafuta na joto zote mbili zikipanda juu kwa pamoja, kile kidhibiti kidogo cha volti 10 nyuma ya deshibodi kimepoteza ethi yake. Kaza skrubu yake kabla ya kununua sensa.

Kuwasha mara ya kwanza

Toa fyuzi zote. Funga kichwa chenye umeme, kisha weka balbu ya wati 21 kati ya nguzo ya ethi na kibanio chake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Ikiwaka, simama hapohapo utafute. Isipowaka, weka fyuzi moja baada ya nyingine ukitazama balbu, kisha ondoa balbu na ufunge ethi. Washa injini, pima kwenye betri kwa mwendo wa kasi kidogo: alteneta isome 13.8 hadi 14.4. Washa taa zote, wipa na feni kwa dakika kumi, kisha pitisha vidole kwenye kila fyuzi, kila kiungo na nyuma ya swichi ya taa. Vuguvugu ni sawa. Panapokufanya utoe kidole haraka, fungua na ubane upya.

Andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko kila nafasi ya fyuzi inahudumia nini na ni ya ampia ngapi, ili fundi wa njiani asikisie, na uache mbili mbili za akiba za kila saizi. Baada ya kilomita mia chache za barabara ya vumbi, rudi ukaze nati zote za ethi na bolti za fyuzi kuu. Hulegea mara ya kwanza, halafu hutulia.